Mkutubi wa Sheria Anafanya Nini Siku Nzima?

Mwalimu wa Tanzania anaruhusiwa kumchapa mwanafunzi viboko vingapi, na ni nani hasa mwenye ruhusa hiyo? Waulize walimu watatu waliokufundisha sekondari, utapata majibu manne. Sisi wa Elimu tunapelekwa TP, tunakaribishwa kwenye ofisi ya walimu ambako fimbo imelala juu ya kabati, na wengi wetu tunajifunza kanuni ya viboko kwa kuangalia tu wenyeji wanafanyaje.

Jibu lipo na limeandikwa. Liko kwenye kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu, Sura ya 353, zikatolewa kama Tangazo la Serikali Namba 294 la mwaka 2002. Zinasema viboko visizidi vinne kwa mara moja. Mwenye mamlaka ni mkuu wa shule, au mwalimu ambaye mkuu amempa idhini kwa maandishi. Mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa pale shule isipokuwa na mwalimu wa kike hata mmoja. Na kila adhabu iingizwe kwenye kitabu: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, aliyechapa, na mkuu atie sahihi. Sasa pima mwenyewe umbali kati ya maneno hayo na ulichokiona shuleni kwenu.

Nakala ya tangazo hilo nilioneshwa na mkutubi wa maktaba moja ya sheria hapa Dar es Salaam. Simtaji jina wala maktaba yake kwa sababu hakuomba kuandikwa gazetini. Kabla ya kwenda kwake nilikuwa nimepekua simu jioni nzima, nikapata habari za magazeti, mijadala ya watu wanaotukanana, na slaidi za mtu fulani zisizo na tarehe. Yeye aliniuliza maswali matatu kabla hajainuka kitini. Unataka sheria yenyewe au kanuni zilizo chini yake? Ya Bara au ya Zanzibar? Na unataka kujua inavyosema leo, au ilivyokuwa inasema siku jambo lako lilipotokea? Swali hilo la tatu ndilo lililonirudisha kwake mara kadhaa, na mengi ya humu nimeyapata kwa kumwona akifanya kazi.

Wengi chuoni tunamjua mkutubi kama mtu wa kugonga muhuri na kusema "kaeni kimya". Yule wa sheria tunamjua kidogo zaidi, maana wasiosoma sheria hawakanyagi kwake. Na wanaosoma sheria, wenzangu mtanisamehe, wengi mnamkumbuka wiki mbili kabla ya UE, desa linapokuwa limeisha steshenari.

Sheria haikai mahali pamoja

Ili uielewe kazi yake, anza na jambo hili: sheria ya nchi haiko kwenye kitabu kimoja, wala haijawahi kuwa. Bunge linatunga sheria mama. Waziri anatunga kanuni chini ya sheria hiyo, na halmashauri nazo zina sheria ndogo zake. Vyote hivyo vinatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, linalotoka kila Ijumaa pamoja na nyongeza zake. Ukisikia wanasheria wanasema "jii eni namba fulani", ndiyo hiyo: Tangazo la Serikali. Kanuni ya viboko ilipita njia hiyo, na ndiyo maana mtu anayeitafuta ndani ya Sheria ya Elimu yenyewe atasoma kurasa zote asiione.

Kisha kuna marekebisho, na hapa ndipo panapochosha. Bunge likitaka kubadili kifungu, kwa kawaida halichapi sheria nzima upya. Linatunga sheria nyingine inayosema: kwenye kifungu cha tano futa maneno haya, weka haya. Mara nyingi mabadiliko ya sheria nyingi yanafungwa kwenye furushi moja linaloitwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali. Mfano unaotuhusu walimu ni kifungu cha 60A cha Sheria ya Elimu, kinachofanya kumpa mimba mwanafunzi wa shule kuwa kosa lenye kifungo cha miaka 30. Kililetwa na Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali (Na. 2) ya mwaka 2016. Jina hilo halina neno elimu. Mtu mwenye nakala ya zamani ya Sheria ya Elimu, imejaladiwa vizuri, ina muhuri wa maktaba, anaweza kuisoma usiku kucha na asijue kwamba kifungu hicho kipo.

Zamani wakutubi walitatua hili kwa mkasi na gundi. Marekebisho yakitoka, mkutubi anakata kipande chenye maneno mapya na kukibandika pembeni ya kifungu cha zamani, au anaandika kwa kalamu: kimebadilishwa, tazama Namba fulani ya mwaka fulani. Nimeshika juzuu za namna hiyo. Zimenenepa kwa karatasi za kubandika hadi jalada halifungi, na mwandiko wa watu watatu tofauti unapishana ukurasa mmoja, bila shaka mmoja akistaafu, mwingine akipokea. Hao watu hawajaandikwa popote kama waandishi wa kitabu hicho, lakini bila wao hakitumiki.

Baada ya miaka mingi ya kubandika, Serikali hukusanya kila kitu na kutoa toleo jipya la sheria zote. Tulikuwa na Toleo la Mwaka 2002. Sasa kuna Toleo la Mwaka 2023, lililozinduliwa Aprili 2025 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Ungedhani mkutubi atashangilia na kutupa ya zamani. Kumbe hapana. Mkataba uliovunjika mwaka 2018 unaangaliwa kwa sheria iliyokuwepo wakati ule. Na hukumu za zamani zinataja namba za zamani: Sheria ya Mikataba, ambayo leo ni Sura ya 345, kabla ya Toleo la 2002 ilikuwa Sura ya 433. Mwanafunzi anasoma hukumu ya miaka ya 1970, anaona Sura ya 433, anaenda kwenye rafu mpya, anakuta kitu kingine au hakuti kitu. Mkutubi mzoefu anazo namba zote mbili kichwani, kama bibi anayekumbuka majina ya mitaa kabla haijabadilishwa.

Vitabu vizee visivyokufa

Kwenye fani nyingi kitabu kinazeeka na kufa. Kitabu cha kompyuta cha mwaka 1995 unaweza kukifungia maandazi. Kwenye sheria mambo yako kinyume kidogo, na chanzo ni hukumu. Mahakama za chini zinafuata uamuzi wa mahakama za juu, kwa hiyo hukumu ya miaka 50 iliyopita ambayo haijatenguliwa bado ni sheria hai. Wakati huohuo hukumu ya mwaka jana inaweza kuwa imetenguliwa mwezi uliopita. Umri wa kitabu haukwambii kama kilichomo ni kizima.

Halafu historia yetu imetupa urithi mchanganyiko. Hadi mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, rufaa zetu za juu zilikwenda Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilianza mwaka 1979. Ndiyo maana maktaba ya sheria hapa ina safu ndefu za ripoti za kesi za Afrika Mashariki, na kesi ya Nairobi au Kampala ya miaka ya 1960 bado inatajwa mahakamani Dodoma. Sheria yetu ya Mikataba ilitoholewa kwa sehemu kubwa kutoka sheria ya India ya mwaka 1872. Sheria ya Ushahidi na ya Mwenendo wa Madai nazo zina asili ya India. Basi utawakuta mawakili wetu wanafungua Mulla na Sarkar, vitabu vya mabingwa wa India, kwa sababu kifungu wanachobishania kilishabishaniwa Bombay na Calcutta miaka mingi kabla.

Na lipo hili ambalo lilinichekesha kabla halijanitisha. Sheria yetu ya mamlaka ya mahakama, Sura ya 358, inakubali kanuni za Uingereza na sheria za jumla zilizokuwa zikitumika huko hadi tarehe 22 Julai 1920, pale ambapo hatuna zetu. Kenya tarehe yao ni 12 Agosti 1897. Yaani mwanasheria wa Arusha na mwanasheria wa Namanga upande wa pili, wakibanwa na swali lisilo na jibu nyumbani, kila mmoja anaweza kulazimika kuuliza Uingereza ilikuwaje, lakini katika siku mbili tofauti zilizopishana zaidi ya miaka 20. Mtu akisema "toeni haya makaratasi ya wakoloni tupate nafasi ya viti", mkutubi wa sheria anapandwa na homa.

Ombi hilo la viti si la kupuuzwa, maana sote tumewahi kukaa chini sakafuni wakati wa mitihani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, kwa hiyo mkusanyiko wa vitabu vya sheria ni wa zamani kuliko fani zetu nyingine zote. Maktaba mpya ya Mlimani iliyozinduliwa mwaka 2018 ina nafasi ya vitabu 800,000 na watumiaji 2,100 kwa wakati mmoja, na imepunguza msongamano. Lakini si kila taasisi yenye maktaba ya sheria ina jengo kama lile. Kwingine ni chumba kimoja, feni mbili, na unyevu wa pwani unaokunja kurasa. Mchwa hawabagui kati ya hukumu na riwaya.

Kuna pia sisi wenyewe. Ripoti za kesi zina kurasa zilizochanwa kwa wembe, tena kurasa zilezile za kesi zilizotolewa kama swali la nyumbani. Wengine hawachani, wanaficha: kitabu cha jinai kinapelekwa kwenye rafu ya kilimo ili mwenye nacho akikute kesho na wenzake wasikione. Mkutubi yule anazijua sehemu za maficho. Kila Ijumaa jioni anapita kwenye rafu ambazo hakuna anayezisoma na kurudi na mzigo.

"Si kila kitu kipo mtandaoni?"

Hili ndilo swali analoulizwa kuliko yote, na mara nyingi linatoka kwa watu wanaopanga bajeti.

Kwa hukumu, jibu ni kwamba mambo yamebadilika kweli, na ni heri. Zamani ripoti rasmi za kesi za Tanzania zilichelewa miaka, na hukumu nyingi muhimu hazikuchapwa kabisa. Wakili alikuwa akitaja kesi, anaweka mabano "haijaripotiwa", na anaambatanisha fotokopi aliyoipata kwa rafiki. Mwenye marafiki wengi alikuwa na sheria nyingi. Leo kuna TanzLII, tovuti ya Mahakama ya Tanzania inayoweka hukumu bure. Kila hukumu ina namba yake, kama TZCA kwa Mahakama ya Rufani na TZHC kwa Mahakama Kuu, na mwanafunzi aliyeko Kigoma anasoma hukumu ileile anayosoma wakili wa Posta. Kenya walitutangulia kwa Kenya Law. Sijui kama kuna kitu kilichosawazisha uwanja wa wanasheria wadogo kuliko hiki.

Lakini angalia kinachobaki. Mtandao unakupa hukumu 300 zenye neno ulilotafuta. Haukwambii ipi inafungamana na kesi yako na ipi iliachwa. Chukua Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Vifungu vya 13 na 17 viliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaikatalia. Sasa mwalimu wa uraia ananunua kijitabu cha Sheria ya Ndoa kilichochapwa kabla ya hapo, anawasomea Kidato cha Tatu kifungu cha 13. Kijitabu hakina kosa hata la herufi. Ila mle darasani huenda kuna binti ambaye nyumbani wanapanga mahari. Kuunganisha maandishi ya sheria na hukumu iliyoyagusa, na kumwambia msomaji "kabla hujanakili hiki, soma na hiki", ndiyo kazi yenyewe, na haifanywi na rafu wala na kisanduku cha kutafutia.

Siku hizi kuna mgeni mwingine: akili unde. Mwaka 2023 huko New York, mawakili wa mtu aliyelishtaki shirika la ndege la Avianca kwa kugongwa goti na toroli la chakula walipeleka mahakamani hoja zenye kesi sita ambazo hazikuwepo duniani. ChatGPT ilikuwa imezitunga, majina, namba, na hadi dondoo za majaji. Jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Watu walicheka sana. Mkutubi wangu hakucheka, kwa sababu wanafunzi humletea majina ya kesi za namna hiyo. Anaangalia TanzLII, anaangalia ripoti za zamani, anaangalia faharasa. Kesi halisi huonekana ndani ya dakika tano. Ya uongo inachukua asubuhi nzima, maana ili useme kitu hakipo lazima utafute kila mahali ambapo kingeweza kuwepo. Mwanafunzi akiambiwa haipo, hukasirika, tena humkasirikia mkutubi, eti maktaba haina vitabu.

Hifadhidata za kulipia ni suala jingine. Lexis, Westlaw, HeinOnline: ndani yake kuna majarida na kesi za dunia nzima, na zinalipiwa kwa dola. Vyuo vyetu hujiunga pamoja kununua baadhi ya machapisho ya kielektroniki kupitia umoja wa maktaba za vyuo, COTUL, na hilo linasaidia. Tofauti na kitabu ni kwamba hapa hununui, unapanga kama chumba. Ukiacha kulipa, hakibaki hata kijiti. Kitabu cha mwaka 1965 kilicholipiwa mara moja bado kiko pale kinasomwa. Mkutubi anayeamua kati ya kulipia hifadhidata mwaka mmoja na kununua rafu mbili za vitabu anaamua kitu ambacho wanafunzi watakijua miaka kumi baadaye.

Wanaofika kaunta

Maktaba ya sheria iliyo wazi kwa umma haipokei wanafunzi peke yao. Wanakuja wazee wenye bahasha za kaki zilizochakaa, ndani mna barua ya kijiji, risiti, ramani iliyochorwa kwa mkono. Wanakuja akina mama wa mirathi. Anakuja mtu ambaye hana wakili na kesi yake ni Jumatatu.

Hapa mkutubi anatembea kwenye ukingo. Anaruhusiwa kukuonesha sheria, kukueleza mahali ilipo, toleo lipi ni la sasa na kitabu gani kinaifafanua. Kukwambia "fanya hivi, utashinda" ni kutoa ushauri wa kisheria, na hiyo ni kazi ya wakili aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Kwa maneno ni rahisi. Ila fikiria mzee anataka kuishtaki Serikali kwa shamba lake, na mkutubi anajua kwamba sheria inadai kwanza itolewe notisi ya siku 90. Au mtu ameshindwa Mahakama Kuu, anataka kwenda Mahakama ya Rufani, na kanuni zinampa siku 30 za kuwasilisha notisi ya rufaa, na siku ya 30 ni keshokutwa. Mkutubi atafungua ukurasa, ataweka kidole kwenye mstari na kusema, "Soma hapa, baba, taratibu." Kisha atamwandikia kwenye karatasi mahali penye msaada wa kisheria. Nimemwona akifanya hivyo. Kidole kilikaa kwenye ule mstari muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa mtu anayeonesha tu.

Mzee yule alisoma? Mstari wenyewe ulikuwa kwa Kiingereza. Hilo ndilo lililonikaa kooni. Mahakama ya Mwanzo inaendeshwa kwa Kiswahili, lakini sheria na hukumu za mahakama za juu kwa miaka mingi zilikuwa za Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kufanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku kukiwa na nafasi ya kutumia Kiingereza haki ikidai hivyo. Tafsiri zinaendelea na hukumu za Kiswahili zinaonekana.

Kwa mkutubi hilo limeleta neema na kazi mpya. Faharasa za zamani zote ni za Kiingereza. Na Kiswahili chetu kina maneno yanayobeba mizigo mingi. Tafuta "dhamana": utapata mahabusu anayeomba kutoka nje, mkopaji aliyeweka nyumba benki, na waziri aliyepewa dhamana ya wizara. Tafuta "rufaa", hospitali za rufaa nazo zinaingia kwenye foleni. Mtu atakayepanga sheria za Kiswahili ili zitafutike lazima ajue sheria, ajue Kiswahili, na ajue namna watu wa kawaida wanavyouliza. Watu wa sampuli hiyo wako wapi?

Marekani wakutubi wengi wa sheria wana shahada mbili, ya sheria na ya ukutubi, na chama chao kipo tangu mwaka 1906. Hapa mkutubi anasomea kazi yake Bagamoyo, kwenye chuo cha Bodi ya Huduma za Maktaba, au chuo kikuu kwenye taaluma za habari, kisha sheria anajifunza kazini, kwa kuulizwa maswali magumu na watu wenye haraka. Miaka kumi inapita kabla hajaziweka kichwani zile namba mbili za Sura moja. Mimi naona huo ni utaalamu kamili. Ila kwenye muundo wa utumishi anahesabiwa na wakutubi wengine wote, na akipata uhamisho kwenda maktaba ya kilimo, anahama na kila kitu.

Lipo jambo moja ninalolijua la karibu. Kuna chuo, sitakitaja, ambacho mkutubi wake wa sheria alistaafu na meza yake haijapata mtu. Maelezo waliyopewa wanafunzi ni kwamba hukumu zipo mtandaoni, hivyo nafasi hiyo si ya dharura. Chumba kinafunguliwa na kufungwa na mlinzi. Magazeti ya Serikali yanaendelea kufika, yanawekwa sakafuni kwa mpangilio wa yalivyofika, na hakuna anayeandika pembeni ya kifungu chochote kwamba kimebadilishwa. Wawakilishi wa wanafunzi wameandika barua. Kwa sasa wanafunzi wa mwaka wa nne wanaokwenda Shule ya Sheria mwakani wanawafundisha wa mwaka wa kwanza mahali pa kutafuta, kila mmoja kwa kadiri alivyokumbuka.

Kwa wenzangu wa Elimu wanaokwenda TP Julai: tangazo la viboko linasomeka kwa dakika kumi, ni kurasa chache tu. Ukienda kuliomba kwenye maktaba ya sheria iliyo karibu nawe, nenda na namba yake na mwaka, beba kitambulisho, na uwe na chenji ya fotokopi. Mfanye mwalimu mkuu akuoneshe na kile kitabu cha kuandikia adhabu. Na usimwendee mkutubi saa saba mchana. Anakula, na kwa kawaida hakuna wa kumshikia meza.